Kutazama Mara ya Pili



Nitaanzia kibandani. Wa rika langu mliokulia uswahilini mnakijua chumba kile: kuta za mabanzi, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, mabenchi yasiyo na egemeo, televisheni juu ya meza ndefu na chini yake deki iliyopata moto mpaka ipepewe. Tulikiita kibanda umiza, na aliyekipa jina hakukosea, maana ukitoka humo baada ya picha mbili mgongo na macho vilikuwa vinakudai. Siku moja mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tunaangalia Drunken Master, picha ya mwaka 1978 ambayo Jackie Chan ni kijana mtukutu anayekabidhiwa kwa mzee mlevi ili afundishwe kungfu. Kanda ilikuwa imechoka, mistari inapita usoni mwa steringi, na maandishi ya Kiingereza chini ya kioo hayasomeki. Hata yangesomeka, wengi wetu tusingeambulia kitu. Lakini mtafsiri alikuwapo. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akitupa majina ya watu, koo zao na sababu za ugomvi wao. Pambano lilipokaribia alinyamaza. Kisha akasema taratibu: "Msimwangalie uso. Angalieni vidole."

Tukaangalia vidole. Vilikuwa vimekunjwa kama vya mtu aliyeshika kikombe cha pombe, na kila pigo lilitoka kwenye kikombe kile ambacho hakikuwapo. Nilikuwa nimeshaiona picha ile mara moja kabla ya siku hiyo, na nilichoona kilikuwa ngumi na mateke. Mara ya pili, kwa sentensi mbili za mtu asiyejulikana nje ya mtaa wetu, niliona vidole.

Nimeombwa nizungumzie wahakiki wa filamu wa mtandaoni, na swali ambalo halikauki miongoni mwao: nani hasa anastahili kuitwa mpenzi wa filamu? Ni swali lenye ugomvi. Wa tamthilia za Kikorea anamdharau wa picha za Kihindi, wa mashujaa wa Marvel anamdharau wa Bongo Movie, na aliyeisomea fani hii chuoni, nasema kwa masikitiko maana hao ni wenzangu, mara nyingi anawadharau wote. Mimi leo sitapima vyeti wala aina ya picha. Nashikilia jambo moja: mpenzi wa filamu hujulikana anaporudi. Anarudi kwenye ile aliyoipenda ili ajue alipenda nini. Na zaidi ya hapo, anarudi kwenye ile aliyoikataa, akiwa tayari kukuta kwamba aliyekosea ni yeye.

Kijana mmoja aliniandikia hivi karibuni kwamba ametazama filamu 2,300 na orodha anayo. Niliipokea orodha yake kwa heshima, kisha nikakaa kupiga hesabu. Tukiipa kila filamu saa mbili, ni saa 4,600, yaani zaidi ya miezi sita ya kukaa mbele ya kioo usiku na mchana bila kulala. Huo ni muda wa mtu mwenye mapenzi, sina shaka. Nikamwuliza ni ipi kati ya hizo aliyoitazama mara mbili. Akajibu kwamba hakuna, kwa kuwa ambazo hajaziona bado ni nyingi mno. Namwelewa. Bando ni ghali, maisha ni mafupi, na kila Ijumaa kuna mpya. Ila mtu aliyepita miji 2,300 kwa basi bila kushuka hata stendi moja, tukimwuliza habari za miji hiyo atatusimulia dirisha la basi.

Sikatai daftari. Kuna huduma ya Letterboxd, iliyoanzishwa Auckland, New Zealand, mwaka 2011, ambako watu huandika kila filamu waliyoitazama na tarehe yake, na ndani yake kuna alama ya kuonyesha kwamba hii umeirudia. Nawasihi vijana muitumie alama hiyo. Ukifungua daftari la mtu na kukuta ameitazama filamu moja mara nne katika miaka sita, na kila mara ameandika neno jipya, hapo umempata mtu wa kuzungumza naye usiku kucha.

Tuje kwenye namba, maana hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Tovuti ya Rotten Tomatoes ilianzishwa Agosti 1998 na Senh Duong, kijana wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Nina upendo na kijana yule kwa sababu moja: alikuwa mtu wa Jackie Chan, kama sisi wa kibandani. Picha za Jackie Chan za Hong Kong zilipokuwa zinaingia Marekani, yeye alikusanya kila uhakiki ulioandikwa juu yazo, na Rush Hour ya Jackie Chan huyo huyo ilipokaribia kutoka mwaka ule akaamua kujenga mahali pa kuweka maoni ya wahakiki wengi pamoja. Asili ya jambo lile, basi, ni mapenzi. Mtu alitaka kuwasoma wote. Leo walio wengi hawamsomi hata mmoja. Wanasoma asilimia iliyo juu ya ukurasa na kufunga.

Na asilimia ile haisemi filamu ni nzuri kiasi gani. Inasema ni wahakiki wangapi katika kila mia wameikubali. Kila uhakiki, hata uwe wa kurasa tano zenye mashaka na mapenzi yaliyochanganyika, unageuzwa kuwa ndiyo au hapana. Ndiyo zikifika 60 katika 100, filamu inapewa nyanya nyekundu. Zikipungua, inapewa alama ya kijani ya nyanya iliyopasuka. Sasa wekeni filamu mbili mbele ya wahakiki kumi. Ya kwanza, wote kumi wametoka wakasema si mbaya, inapitisha jioni. Hiyo inapata 100. Ya pili, saba wametoka wameshika vichwa, hawajui waende nyumbani au warudi ndani, na watatu wametoka wamekasirika. Hiyo inapata 70. Anayechagua kwa namba ataichukua ya kwanza, na ile ambayo angeikumbuka mpaka uzeeni ataipita.

Kosa la hesabu hiyo si la tovuti, maana yenyewe inaeleza wazi inavyohesabu. Kosa ni letu tunaoitumia namba kama fimbo. Mwaka 2008, The Dark Knight ilipotoka, mashabiki waliipigia kura kwenye tovuti ya IMDb mpaka ikakalia kwa muda nafasi ya kwanza, juu ya The Godfather. Februari 2019 yakatokea makubwa zaidi. Kabla Captain Marvel haijaonyeshwa popote kwa umma, watu walijazana Rotten Tomatoes kuiponda filamu ambayo hawajaiona hata dakika moja, na tovuti ikaamua kuondoa nafasi ya kutoa maoni kabla filamu haijatoka. Hao tusiwatafutie mara ya pili. Hata ya kwanza hawakuwa nayo.

Nipeni sasa muda niwapeleke nyuma, Marekani ya Agosti 1967, kwa sababu kisa hiki ndicho kilichonifanya nikubali kusimama hapa leo. Ilitoka filamu ya Bonnie and Clyde. Mwongozaji alikuwa Arthur Penn. Warren Beatty aliitayarisha na kucheza Clyde, na Faye Dunaway akawa Bonnie. Ni habari ya wezi wa benki wawili, mwanamume na mwanamke, ambao kweli waliishi na kweli walipigwa risasi katika dhiki ya miaka ya 1930. Filamu inakuchekesha, na ungali unacheka damu inamwagika, kicheko kinakukwama kooni. Leo mchanganyiko huo tumeuzoea. Wakati ule watu wazima walitoka ukumbini hawajui walichofanyiwa.

Bosley Crowther alikuwa mhakiki wa filamu wa New York Times tangu 1940. Msimfikirie kama mjinga. Alikuwa mtu wa heshima zake, aliyepinga udhibiti wa serikali juu ya filamu na aliyewafundisha Wamarekani kutazama filamu za Italia na Ufaransa. Bonnie and Clyde aliichukia kwa moyo wote. Akaiponda. Wasomaji wakamwandikia kumpinga, akaiponda tena. Wakaendelea, akaiponda mara ya tatu. Mwanzoni mwa 1968 kiti chake kilikuwa kimekaliwa na Renata Adler.

Joe Morgenstern wa jarida la Newsweek naye aliiponda. Aliiandika kama picha ya risasi ya kuwafurahisha wasio na akili. Siku chache baadaye akaenda kuitazama upya, safari hii akiwa na mkewe, katikati ya watu waliokata tiketi kwa pesa zao. Akawasikia wanacheka. Akawasikia wanavyonyamaza. Katika toleo la wiki iliyofuata, jarida lile lile na jina lake lile lile, aliandika kwamba uhakiki wake wa kwanza haukuitendea filamu haki na kwamba alikuwa amekosea.

Waangalieni watu hawa wawili, maana wote wawili walirudi. Crowther alirudi mara mbili kwenye hukumu yake. Morgenstern alirudi mara moja kwenye filamu. Mnaonifahamu mnajua nimewafundisha vijana uhakiki kwa miaka mingi, nikiwapa nadharia za hawa na za wale. Nikilazimishwa kuzitupa zote nibaki na kitu kimoja, nitabaki na safari ile ya Morgenstern kwenda kukata tiketi. Hakuwa na kitufe cha kufuta alichoandika. Magazeti yalikuwa yameshauzwa, watu wameshayasoma, mabosi wake wameshayaona. Alikuwa na njia rahisi ya kunyamaza, filamu ingepita, watu wangesahau. Miaka mingi baadaye, mwaka 2005, alipewa Tuzo ya Pulitzer ya uhakiki, na sidhani waliompa walifanya hivyo kwa sababu hakuwahi kukosea.

Na filamu yenyewe? Iliteuliwa mara kumi katika tuzo za Oscar na kushinda mbili. Silitaji hilo kama ushahidi kwamba Crowther alikosea. Mtu ana haki ya kuichukia filamu iliyoshinda tuzo, na wapo leo wenye hoja nzito dhidi ya Bonnie and Clyde. Ninachomlaumu ni kwamba aliacha kuitazama akaendelea kuizungumzia.

Najua kuna atakayenishika shati hapa aniulize juu ya Pauline Kael. Ni haki yake. Kael aliandika insha ndefu ya kuitetea filamu hii. Jarida moja likaikataa, New Yorker likaichapisha Oktoba mwaka ule, na mwaka uliofuata likamwajiri. Aliandika humo mpaka 1991, na wengi wanamhesabu kuwa mhakiki mkubwa kuliko wote wa Kiingereza. Na Kael alijulikana kwa msimamo wake kwamba filamu anaitazama mara moja tu. Hoja yangu inapata ufa hapo, nami siufichi. Nikizisoma insha zake naona mtu mwenye kumbukumbu ya ajabu, anayekaa na filamu moja siku nyingi kichwani, akiigeuza upande huu na upande ule, hadi anakumbuka namna mwigizaji alivyoshika sigara. Kwake kuandika ndiko kulikokuwa kurudi. Shida ni wanaomwiga. Wamechukua kutorudi kwake bila kuchukua kumbukumbu yake.

Katika kisa hicho cha 1967 alikuwapo pia kijana wa miaka 25. Roger Ebert alikuwa amekabidhiwa safu ya filamu ya Chicago Sun-Times Aprili ya mwaka ule; miezi michache baadaye ikamjia Bonnie and Clyde, akaisifu bila woga. Mwaka 1975 akawa mhakiki wa kwanza wa filamu kupata Pulitzer, na mwaka huo huo akaanza kipindi cha televisheni na Gene Siskel wa gazeti pinzani. Wawili hao, katika miaka iliyofuata, walieneza kile kidole gumba cha juu au chini ambacho leo kila mtoto mwenye simu anakijua. Mimi kidole kile kilinikera, na bado kinanikera. Lakini aliyekuwa anakiinua alikuwa mtu mwingine kabisa akikaa na kalamu. Mwaka 2006 saratani na upasuaji vilimnyang'anya sauti. Asingeweza tena kula wala kusema. Watu walidhani amekwisha. Akahamia mtandaoni, akaanza kuandika humo kila siku juu ya filamu, juu ya vitabu, juu ya mama yake, juu ya kifo kinachokuja, akiwajibu wasomaji mmoja mmoja. Kwa hesabu yake mwenyewe, mwaka 2012 aliandika tahakiki 306, nyingi kuliko mwaka wowote wa maisha yake. Alifariki Aprili 2013.

Ninyi mnaosema mtandao umeua uhakiki, mkumbukeni mtu huyo. Mtandao ndio uliomrudishia mdomo.

Nina mambo mawili tu ya kumkumbuka kwayo. La kwanza ni La Dolce Vita, filamu ya Federico Fellini ya mwaka 1960, ambayo Marcello Mastroianni ni mwandishi wa habari anayezurura usiku Roma akitafuta raha. Ebert aliitazama akiwa kijana, na kila baada ya takriban miaka kumi akaitazama tena. Ujanani alimwona Marcello kama mtu wa kuonewa wivu. Baadaye akamwona kama ndugu yake mwenye udhaifu ule ule. Baadaye kabisa akamwonea huruma, kama mdogo wake aliyekwama mahali ambapo yeye ameshatoka. Filamu ilikuwa ile ile, hakuna picha iliyoongezwa wala kupunguzwa.

La pili ni la Boulder, Colorado, kwenye mkutano wa kila mwaka wa chuo kikuu cha pale. Kwa zaidi ya miaka 30 Ebert alikuwa akionyesha filamu moja nzima siku ya kwanza, kisha siku zinazofuata anaianza upya ukumbini humo humo, na yeyote, awe profesa au mpita njia, akipaza sauti kusema "simama", filamu inasimamishwa pale pale na anaeleza alichokiona. Kwa mwendo huo filamu ya saa mbili hula wiki. Naye alijifunza mengi juu ya filamu kwa watu wale wa gizani.

Niliposoma habari hizo kwa mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, kwa sababu hiyo ni baraza. Wazee wetu walikuwa nayo. Mwanahistoria Laura Fair alitumia miaka mingi kuwahoji watu wa Unguja, Dar es Salaam na miji mingine juu ya majumba ya sinema, akatoa kitabu mwaka 2018, na ukikisoma unaona watu waliokuwa wakiirudia picha ile ile, kisha wakihamia barazani kuibishania mpaka kahawa imalizike. Pale Majestic ya Vuga, Unguja, na Empire, na Avalon ya Dar es Salaam, walikuja kwa nyimbo na kwa mavazi, ni kweli. Walikuja pia kwa hoja. Chukueni Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Jaji anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Mwizi mmoja aliyeumizwa na imani hiyo anaamua kumlipiza kisasi kwa kumfanya mtoto wa jaji mwenyewe awe mwizi. Mtoto anakua, anasimama kizimbani mbele ya baba asiyemjua, na anayemtetea ni mwanamke anayempenda, wakili Rita, aliyechezwa na Nargis. Sasa mpeni mtu wa pwani filamu hiyo, mtu aliyelelewa akiambiwa kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Hatalala. Atataka kujua: je, methali ya babu ni kweli au ni uonevu? Bibi mmoja aliyenilea alikuwa ameiona Awaara mara saba, wala hakujua neno hata moja la Kihindi zaidi ya yale ya nyimbo. Kila alipoisimulia alisimama mahali tofauti. Alipokuwa bado kijana alisimama kwa Rita. Alipozaa alisimama kwa mama wa yule mtoto, anayefukuzwa nyumbani mjamzito. Uzeeni, jambo lililonishangaza, alianza kumsimulia jaji, na sauti yake ilikuwa ya kumwombea.

Hakuna aliyewahi kumwita bibi yule mpenzi wa filamu. Hakuwa na orodha.

Wahakiki wetu wa leo wanaozungumza Kiswahili mtandaoni wana wazazi wawili, basi: baraza na kibanda. Mzazi wa pili anastahili heshima kuliko anayopewa. Mtafiti Matthias Krings aliandika juu ya watafsiri wa Dar es Salaam, akina Lufufu, na katika jina la makala yake akaifananisha kazi yao na kuugeuza wali kuwa pilau. Kenya yupo DJ Afro, ambaye sauti yake juu ya picha za mapigano inajulikana kuliko sauti za waigizaji wenyewe. Uganda wana watafsiri wa aina hiyo waitwao ma-VJ, na huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie iliwekwa juu ya filamu ikicheka, ikishangilia, ikiwataja watu. Nakala isiyo na sauti hiyo haipo tena. Nabwana aliifuta ili apate nafasi ya kutengenezea filamu nyingine. Dunia nzima inaijua filamu ile pamoja na mtu anayeitazama. Wakenya pia walimpa mtafsiri heshima ndani ya filamu yenyewe: katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, msichana mgonjwa anayeota kuwa shujaa ana rafiki anayewaonyesha wanakijiji picha na kuwasimulia.

Kwa nini basi nina wasiwasi na hizi chaneli zinazosimulia filamu nzima kwa dakika kumi? Zina wafuasi wengi, na sauti nyingine ni nzuri mno. Wasiwasi wangu ni huu: mtafsiri wa kibandani alikaa pembeni ya filamu, na filamu ilikuwa inakwenda. Akisema vidole, vidole vipo mbele yako, na akikosea unamwona. Msimuliaji wa dakika kumi ameiondoa filamu akakaa yeye mahali pake. Anakupa nani kamwua nani. Pumzi, mwanga, ukimya kati ya swali na jibu, uso wa mtu anayesikiliza, hivyo vyote vinabaki chini kama makapi, na kwa maoni yangu hivyo ndivyo filamu yenyewe. Anayemaliza video ile hana tena njaa ya kuitafuta filamu.

Ziko chaneli nyingine za vijana wetu zinazonipa matumaini makubwa. Yupo anayechukua tukio moja la dakika mbili na kulieleza kwa dakika kumi na tano. Yupo anayewauliza wapiga picha wetu waliweka taa wapi na kwa nini. Hao hawapati watazamaji wengi, kwa sababu malipo ya mtandao yanafuata wingi na haraka: uhakiki unaotoka usiku ule ule wa uzinduzi hulipa kuliko unaotoka baada ya mwezi. Naomba wenye uwezo ukumbini humu wawafadhili. Naomba pia kila mhakiki aliyealikwa bure kwenye uzinduzi, akapewa chakula na nauli, aseme hivyo mwanzoni mwa video yake. Ni sentensi moja tu.

Filamu zetu wenyewe ndizo zinazoumia zaidi kwa haraka hii. Filamu ya Kiswahili ikitoka hupewa moja kati ya mambo mawili: sifa za kirafiki au matusi. Nami nimeshiriki. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilipotoka mwaka 2021 niliitazama nikiwa na riwaya ya Shafi Adam Shafi kichwani. Nimeifundisha riwaya ile darasani, naijua. Nilikaa ukumbini nikihesabu: sura hii imeondolewa, mazungumzo haya yamekatwa, safari ile haipo. Nikatoka nikawaambia wanafunzi wangu, na nikaandika, kwamba filamu imekonda. Wengine waliacha kuitazama kwa sababu yangu.

Miezi kadhaa baadaye niliitazama tena. Niliiacha riwaya nyumbani. Nikakuta filamu inayoamini kwamba watu wawili waliokatazwa kupendana, Denge anayesakwa na serikali ya kikoloni na Yasmin aliyekimbia ndoa ya kulazimishwa, hawana nafasi ya kuzungumza sana. Niliyoyaita mapengo yalikuwa tahadhari ya watu wanaosikilizwa ukutani. Wanasimama karibu na hawagusani. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinawabana pamoja na kuwatenga kwa wakati mmoja. Muziki unasema walichokimeza. Bado nina ugomvi na mwendo wa sehemu fulani, na nikipata nafasi nitamwambia mwongozaji. Lakini nilichoandika mara ya kwanza kilikuwa hesabu ya mtu asiyekuwa ametazama, na hapa mbele yenu, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wale wamo humu, nasema nilikosea.

Nimezungumza vya kutosha. Waandaaji wametupatia ukumbi mpaka saa nne usiku, na tumepata nakala ya Arusi ya Mariamu, filamu ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill ya mwaka 1985. Ni fupi, haifiki saa moja. Tutaitazama mara ya kwanza kimya, mwanzo hadi mwisho, simu zikiwa mfukoni. Kisha tutaianza upya. Rimoti nampa mama yule wa safu ya tatu mwenye kitenge cha bluu, kwa sababu nimemwona akiandika tangu nianze. Yeyote akiona kitu, aseme "simama" kwa sauti ya kusikika nyuma, naye mama atasimamisha. Wazee wasiwaogope vijana kwenye jambo hili, na vijana msiniogope mimi. Kaka wa mlangoni, tuzimie taa.